Fimbo inanizidi kimo: niikate?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 22, naishi Wete, Pemba. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye karate, na tangu baada ya Ramadhani mwalimu wetu ametuanzishia silaha za Okinawa, kisiwa cha Japani. Kwanza ni bo, ile fimbo ndefu. Fundi wa mtaani amenichongea ya mvinje, urefu sm 182 kama alivyoagiza mwalimu, unene sm 3.2 kutoka ncha hadi ncha. Nimeipima dukani, ina kilo moja na gramu 300. Kimo changu ni sm 156. Nikiizungusha viganja vinauma na bega linachoka mapema. Wenzangu wanaume wananiambia niikate sm 20 iwe saizi yangu. Babu naye ananicheka, anasema wacheza kirumbizi walikuwa wakichukua fimbo yoyote iliyo karibu, hawaendi na futikamba. Niikate? Na baadaye nitahitaji sai, zile silaha za chuma zenye mshikio na pembe mbili. Nimeona zinauzwa kwa inchi, sijui nichukue ngapi.

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiikate. Yote uliyoyaeleza, viganja na bega, yanatoka kwenye unene wa fimbo hiyo. Urefu umesingiziwa tu, kwa kuwa ndio unaoonekana kwa macho.

Hicho kipimo cha sm 182 mwalimu wako hakukitoa hewani. Bo ya Okinawa ni ya shaku sita, na shaku moja ya Kijapani ni sm 30.3, kwa hivyo zote sita zinafika sm 181.8. Wenzako wanaona fimbo hiyo ni ya mijitu. Sasa waulize: waliotuachia mazoezi haya walikuwa na kimo gani? Mwanzoni mwa karne ya 20 wastani wa mwanamume wa Japani haukufika sm 160. Taira Shinken, mmoja wa watu waliozikusanya na kuzifundisha mbinu za silaha za Okinawa hadi alipofariki mwaka 1970, alizaliwa 1897, katika kizazi hichohicho cha watu wafupi. Basi fimbo ya shaku sita ilikuwa ikimzidi mwenye nayo tangu mwanzo, na kata nyingi, yaani mifululizo ya mapigo ya kujizoeza, zimepangwa kwa kutegemea hivyo. Kuna mahali ncha ya nyuma lazima ifike nyuma ya kiwiko ili ikufunike ubavu, na kuna mahali unateleza mkono kutoka katikati hadi karibu na mwisho ili ncha ya mbele imfikie mtu aliye mbali. Ukipunguza sm 20, utakuwa umejipunguzia sehemu ya somo lenyewe.

Najua wapo walimu wanaosema fimbo iwe kimo chako na kitanga kimoja juu yake. Kwa kipimo hicho wewe ungehitaji kama sm 166. Si kosa, hasa kwa mtoto. Lakini kwa mtu mzima anayefanya mazoezi ya wawili wawili na watu wenye fimbo za sm 182, mimi ningemwachia urefu kamili kwanza, nione unene ukirekebishwa analalamika nini.

Chukua mizani na tufanye hesabu. Fimbo yako ya sm 3.2 kwa sm 182 ina mti wa sentimita za ujazo 1,460 na kidogo. Kwa uzito wa kilo moja na gramu 300, mvinje wako una karibu gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani ni mti mzito kweli. Ukikata sm 20 utapunguza gramu 145 hivi. Bado unabaki na fimbo ya zaidi ya kilo moja na gramu 150, nene vilevile mkononi, na sasa fupi.

Sasa usikate. Mwambie fundi aishushe hadi sm 2.7 katika thuluthi ya katikati, kisha kutoka hapo iendelee kupungua polepole kila upande mpaka nchani iwe sm 2. Fimbo hiyohiyo, urefu uleule, inashuka hadi karibu gramu 800. Nusu kilo imekwenda kwenye vumbi la randa. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito ulioondoka ilikuwa pembeni, mbali na mikono, ugumu wa kuizungusha unashuka kwa karibu nusu, wakati kukata kungeupunguza kwa kiasi cha thuluthi tu. Ndiyo maana bo nyingi za kununua huwa nene katikati na nyembamba nchani.

Usiiruhusu katikati ishuke chini ya sm 2.5, hata fundi akikwambia ni mwepesi zaidi hivyo. Ugumu wa fimbo dhidi ya kupinda hupungua haraka mno kuliko unene wenyewe. Kutoka sm 2.7 hadi 2.4 inaonekana si kitu, kumbe umepoteza zaidi ya thuluthi moja ya ugumu. Fimbo ya namna hiyo inatetemeka ukiigonga na ya mwenzio, na mtetemo wote unaishia viganjani, palepale unapolalamikia.

Ujuaje kama sm 2.7 ndiyo yako? Kabla fundi hajaigusa fimbo, mpe kipande cha ubao wowote akichonge mviringo wa unene huo, urefu wa shibiri mbili tu. Kishike kama unavyoshika bo, mkono umelegea. Ncha ya gumba inatakiwa ipande juu ya pingili ya mwisho ya kidole cha kati bila kubana. Zikigusana ncha kwa ncha tu, ni nene. Gumba likipita mpaka likafika kwenye pingili ya pili, ni nyembamba, na utakuwa unakaza ngumi muda wote ili isikuponyoke. Kwa mikono ya kimo chako nategemea jibu liwe baina ya sm 2.5 na 2.8, lakini kiganja hakifuati kimo siku zote, kwa hivyo amini kipande cha ubao kuliko mimi. Jaribu pia mkono ukiwa na jasho. Asubuhi ya baridi kila fimbo ni nzuri.

Namna ya kuichonga. Mashine za kukereza tulizonazo mitaani nyingi ni za miguu ya vitanda na viti, na hata ukipata ndefu, mti wa sm 182 mwembamba hivyo unacheza katikati na kutoka na mawimbi. Randa ya mkono ni bora. Fundi apige mstari wa katikati, aweke alama thuluthi ya kati, apunguze kwanza iwe ya pembe nne iliyonyooka na yenye mteremko sawa kila upande. Kisha avunje pembe ziwe nane, tena kumi na sita, ndipo msasa uizungushe. Fundi akianza na msasa moja kwa moja atapata kitu chenye umbo la yai, na utalihisi kila unapoigeuza mkononi.

Lakini subiri. Kabla hujamlipa kwa kazi hiyo, angalia nchani mwa fimbo yako kuna nini. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi na mvinje. Mafundi wengi wakisikia fimbo ndefu huchukua mti mchanga mzima, ule unaouzwa kama nguzo nyembamba, wakauondoa gamba na kuunyoosha. Ukiona nchani duara dogo jeusi au la kahawia katikati, na mapete yamelizunguka, basi fimbo yako imechongwa na kiini chake ndani. Mti wa namna hiyo ukikauka hupasuka kuelekea kwenye kiini, kwa sababu mti hunywea zaidi kufuata mapete kuliko kuelekea kiini. Mvinje una tabia hiyo sana. Ufa unaweza kuwa mwembamba kama uzi leo, na mwezi wa kaskazi ukapitisha kucha.

Fimbo nzuri inatoka kwenye gogo pana, lililokaushwa, likapasuliwa ubavuni, mbali na kiini. Nyuzi za mti ziende nazo kutoka mwanzo hadi mwisho. Lowesha kitambaa, upitishe juu ya fimbo, nyuzi zitajitokeza. Fuata mmoja kwa kidole. Ukitoka pembeni baada ya shibiri mbili tatu, hapo ndipo itakapovunjika siku moja, na itavunjika kwa mshazari, ncha kali kama mkuki. Kifundo kikubwa kuliko punje ya mtama kwenye thuluthi ya kati ni sababu ya kutosha kuikataa. Iviringishe sakafuni penye marumaru, usikilize. Ikigonga-gonga imepinda. Halafu ishike baina ya vidole viwili kwa juu, iningʼinie, uigonge kwa kucha. Mti mzima unalia, mti wenye ufa ndani unajibu kama umefunikwa.

Kama yako ina kiini ndani, iache uichonge kwa ajili ya mazoezi ya peke yako tu. Usiigonganishe na ya mtu. Kwa ya kugonganisha tafuta mti mwingine.

Mti gani? Huko kwao Okinawa na Japani hutumia zaidi mwaloni, mweupe au mwekundu, ambao ni mgumu bila kuwa mkavu wa kuvunjika. Sisi mwaloni hatuna, na hatuna haja ya kuulilia. Mkarati unaoletwa kutoka bara ni mzito na mgumu, na ukipata ubao wenye nyuzi zilizonyooka ni fimbo ya kugongana miaka mingi. Kwa unene niliokwambia uzito wake utakuwa karibu sawa na wa mvinje. Mninga ni mwepesi zaidi, unatulia haupindi, randa inaupenda, na kwa kata peke yako ni raha. Ila ukigongwa unabonyea. Msaji mzuri kwa mlango na kwa jahazi, lakini kwa fimbo humeguka vijiti, siupendi. Mpingo ni kwa wachongaji. Ni mzito hata maji yanaushindwa, unazama, nao ukipigwa vibaya unakatika kama kigae. Mkoko ni mgumu kweli, wenyewe ndio boriti zilizobeba sakafu za Mji Mkongwe, lakini ukikaushwa vibaya una nyufa kuliko mvinje, na kuukata kunataka kibali. Mkarafuu usimwambie fundi hata kwa mzaha. Nyinyi watu wa Pemba mnajua matawi yake yalivyo mepesi kuvunjika chini ya mchumaji, na mti wenyewe una sheria zake.

Mpera ndio ninaousikitikia. Kila mtoto aliyewahi kutengeneza panda ya manati anajua kuwa mpera unapinda na kurudi, haukatiki ovyo. Tatizo ni kuupata umenyooka kwa zaidi ya mita. Ukiuona kipande kizuri kiweke, kitakufaa kwa mishikio ya tonfa, ile rungu fupi yenye mshikio ubavuni, utakapofika huko.

Kuhusu babu. Mpe salamu zangu, na umuulize vizuri. Kirumbizi nimekiona: watu wawili wanaingia uwanjani, ngoma na zumari zinaenda, fimbo zinatafutana. Sijamwona mchezaji wa kweli akiokota fimbo na kuingia nayo moja kwa moja. Ataipima mkononi, ataitikisa mara moja mbili, akiona nzito mbele ataigeuza au ataitupa achukue nyingine. Hilo ndilo futikamba lake, limo mkononi. Hata Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa watu hawachapani kwa chochote kilicho karibu. Ni mabua ya mgomba, kwa sababu yanapiga na kuachia. Wewe huna mkono wa miaka arobaini wa kukwambia, kwa hivyo unapima kwa rula mpaka mkono ujue.

Fimbo ikishapigwa randa, ifanyie kazi kwa mwezi mzima kabla ya kuamua jambo jingine. Viganja vitaacha kuuma kwanza, bega litafuata. Ikiwa baada ya hapo ncha bado inagusa chini kila unapopiga pigo la chini, wakati kiwiko chako kiko mahali pake, mwoneshe mwalimu. Mara nyingi utakuta mkono wa nyuma ndio ulioshuka. Akikubali kwamba ni fimbo, ndipo mkate, tena kidogo kidogo, sm 2 kila ncha, kisha mfanye mazoezi wiki nzima kabla ya kukata tena. Kila ncha, sikiliza hapo. Ukikata upande mmoja tu, katikati inahama na fimbo yote inakuwa na kichwa kizito. Sidhani utafika sm 170. Kama chumba cha mazoezi kina dari fupi hilo ni jambo jingine, tokeni uwanjani.

Sasa sai. Huku ushauri wangu unageuka kabisa, kwa sababu sai inalala juu ya mkono wako na inafuata mfupa. Kwenye bo tunaweza kubishana juu ya sm 10, kwenye sai hata sm 2 zinaonekana. Ukiigeuza, kitako mbele na chuma kimelala chini ya mkono, ncha lazima ipite kiwiko kwa sm 2 au 3. Ikiwa fupi, pigo la kukinga linakuja moja kwa moja juu ya kiwiko, na maumivu yake hutayasahau. Ikizidi sana inakuchoma ubavuni unapoigeuza, na inachelewa.

Pima hivi. Kunja mkono, mtu akupime kutoka kwenye pango baina ya gumba na kidole cha shahada hadi ncha ya kiwiko. Ongeza sm 3. Huo ni urefu wa chuma kutoka kwenye pembe zake hadi nchani. Halafu ongeza mshikio, ambao unatakiwa ufikie karibu na ncha ya kidole cha shahada ukikilaza juu yake. Kwa msichana wa kimo chako jumla huja karibu sm 45, yaani inchi 17 au 18. Lakini usiagize kwa kimo, agiza kwa kipimo cha mkono. Na uwaulize wauzaji wanapima nini, maana wengine hutaja urefu wote na wengine chuma peke yake. Zinakuja jozi, zipime zote mbili, zisiachane zaidi ya gramu chache.

Uzito usianze juu ya gramu 650 kwa kila moja. Egesha sai juu ya kidole kimoja utafute inapotulia. Inatakiwa itulie upana wa vidole viwili au vitatu mbele ya pembe. Ikitulia mbele zaidi ya hapo, kifundo cha mkono kitachoka kabla ya mapigo ishirini.

Kuna watu wanachomelesha sai kwa nondo. Nondo ya mm 12 kwa uzito si mbaya, ina gramu 888 kwa mita, lakini ile migongo yake inakwaruza mkono kila unapoigeuza, na sai ni kugeuza mchana kutwa. Fundi chuma akichukua chuma cha mviringo kilicho laini cha unene huohuo, akachomea pembe pande zote mbili za kila muunganiko na kupiga tupa mpaka pasibaki ukali, unaweza kupata kitu cha maana kwa kuanzia. Akikwambia atachomea nukta mbili tu zinatosha, ondoka.

Zile za kung'aa zenye kromu zinapendeza sana kwenye picha. Kwenye hewa yetu ya chumvi kromu ikishatoka ganda moja, kutu inaingia chini yake na inakata ngozi. Chuma kitupu, ukikifuta kwa mafuta ya cherehani baada ya kila zoezi, kinakaa zaidi.

Fimbo nayo usiitie vanishi. Ikikutana na jasho inanata, na bo inatakiwa iteleze kiganjani. Msasa laini, kisha mafuta ya kitani yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, mkono mwembamba sana, uifute, ikauke siku mbili tatu, urudie. Mafuta ya nazi hayakauki. Yatabaki juu yakivuta vumbi na baada ya muda yataoza harufu. Sifa, yale mafuta ya papa, waachie wenye majahazi, utafukuzwa ukumbini. Usiiegemeze ukutani pia, hasa masika, kwani itapinda ilivyoegemea. Ilaze juu ya misumari mitatu, au tia kitundu cha uzi nchani mwa mfuko wake wa kitambaa, uiningʼinize nyuma ya mlango.